Unajifunza R kwa swirl? Usikimbilie kumaliza masomo

Wadogo zangu wa chuo wananiuliza sana nilijifunzaje R, ile lugha ya programu ya kuchambulia data. Nilijifunza kwa swirl, ila miezi kama miwili ya mwanzo nilijifunza vibaya, na ndo hicho nataka nikueleze usije ukapita huko huko.

Kwa asiyeijua, swirl ni pakeji (programu ya nyongeza) inayokufundisha R ukiwa humo humo ndani ya konsoli ya R, yaani pale unapoandikia amri. Unaandika install.packages("swirl"), unaiita kwa library(swirl), afu unaandika swirl(), inakuuliza jina mnaanza. Inakueleza kitu kifupi, inakuambia andika amri fulani, ukikosea inakupa dokezo unarudia. Ukishaishusha pamoja na kozi yake unaweza kuendelea hata bila intaneti, na kwangu mimi hiyo ilikuwa kila kitu maana bando lilikuwa la kuungaunga. Anza na kozi inayoitwa R Programming, ina masomo 15, maelezo ni ya Kiingereza ila mepesi.

Sasa shida iko hapa. Kila ukipatia unapongezwa, kwa hiyo unajiona unajua. Mimi nilikuwa namaliza masomo matatu usiku mmoja, nikikwama naandika skip() inanijazia jibu nasonga mbele, masomo yakaisha yote, afu siku nimefungua konsoli tupu ambayo haina wa kuniuliza swali nikakaa naitazama tu, sijui hata mstari wa kwanza niandike nini. Nilikuwa nimezoea kujibu, sijawahi kuuliza.

Kilichonifungua ni daftari la mauzo la shangazi yangu, ana kaduka ka rejareja. Nikachukua wiki moja nikaandika:

mauzo <- c(42000, 38000, 51000, 45000, 39000, 55000, 0)

Ile 0 ni Jumapili, shangazi alikuwa msibani, duka akamwachia kijana wa jirani, akauza ila hakuandika chochote. Nikaandika mean(mauzo), yaani wastani, nikapata kama 38571. Nikamwonyesha, akasema hapana mwanangu, mbona siku zote sita zilizoandikwa ni moja tu iliyoshuka chini ya hapo, na hiyo yenyewe kidogo tu. Na alikuwa sahihi kabisa, kwa sababu 0 inasema hakuuza kitu, wakati ukweli ni kwamba aliuza ila hatujui ngapi.

Hapo ndo nikakumbuka somo la Missing Values nililolipita mbio. Nikalirudia taratibu. Ile 0 nikaiweka NA, alama ya R ya thamani isiyojulikana, mean(mauzo) ikanirudishia NA, na safari hii nikaelewa kwa nini: namba moja haijulikani, basi na wastani wa zote haujulikani. Ndo maana hata ukiandika mauzo == NA unapata NA tupu mstari mzima, maana unaiuliza R kama hizi namba zinalingana na kitu isichokijua, itakujibuje? Unatumia is.na(mauzo). Ukitaka kujua siku ngapi zimekosekana unaandika sum(is.na(mauzo)), kwa kuwa kila NA inajibiwa TRUE (ndiyo), na TRUE inahesabiwa 1. Na wastani wa siku zilizoandikwa ni mean(mauzo, na.rm = TRUE), inayoiacha NA nje, ikaja 45000. Shangazi akaitikia kwa kichwa.

Kwa hiyo ushauri wangu, somo moja kwa siku linatosha, na usikopi na kupesti, chapa mwenyewe kila herufi mpaka mabano na koma, maana R inatofautisha herufi kubwa na ndogo na Mean haitakubali. Ukiwa katikati ya somo na kitu kimekugusa andika play(), swirl inakaa pembeni inakuacha uchezee utakavyo, haribu, badilisha namba uone inakuwaje, ukimaliza nxt() inakurudisha pale pale. Hii play() watu wengi hawaigusi kabisa na inaniuma, kwa sababu ndiyo sehemu pekee ya swirl ambapo swali linatoka kwako. skip() iache, ukikwama kweli toka kwa bye(), kalale, kesho utakuta imekutunzia ulipoishia.

Afu tafuta daftari lako, la kikoba, la mahudhurio, la maziwa, lolote. Mimi mpaka leo kabla sijagusa kibodi naandika swali kwenye karatasi kwa Kiswahili, mfano "siku gani shangazi anauza zaidi ya elfu hamsini?", ndo naingia kuandika mauzo[mauzo > 50000] na kuona ile NA nayo imejitokeza humo, nairudia tena na which(), inayonipa namba za siku zenyewe na kuiacha NA.