Jibu: Kitambaa changu cha vyombo hakinyonyi maji
Dada, umesema kitambaa cha kuoshea vyombo ulichofuma hakinyonyi maji. Shida si mkono wako, ni uzi. Huo wa akriliki (nyuzi za plastiki) wa kufumia sweta hauna kiu ya maji. Tumia pamba, sindano za milimita 4 au 4.5.

Anza na vitanzi 4 vya uzi sindanoni. Kila mstari fuma 2, zungusha uzi sindanoni mara moja kuongeza kitanzi, kisha fuma hadi mwisho wa mstari. Ukifikisha 44 anza kupunguza: kila mstari fuma 1, fuma viwili pamoja viwe kimoja, zungusha uzi, fuma viwili pamoja tena, fuma hadi mwisho, mpaka vibaki 4. Unapata mraba wenye vitundu pembeni, na mimi hivyo vitundu navipenda mno!

Akriliki usiitupe. Changanya mabaki ya rangi zote ufume kisugulio cha vyombo, kinakauka upesi. Ila kisiguse sufuria ya moto, kitayeyuka.