Kabla roboti yako haijaenda mbali, amua itafanya nini ikikosa kukusikia

Mwaka jana tulikuwa tunajaribu kaboti ketu ka roboti hapo Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria kule Kisumu, mabomba ya plastiki, mota mbili na simu ya zamani iliyofungwa ndani ya mkebe, kazi yake kupima joto la maji kando ya gugumaji halafu irudi. Mimi naiendesha na simu nikiwa ufuoni. Netiwaki ikapotea dakika nne hivi, na boti ikaendelea kutii amri ya mwisho niliyoipa, yaani nenda mbele, ikaingia kwenye gugumaji, mizizi ikajizungusha kwenye panga la mota hadi mota moja ikaungua. Mzee mmoja mvuvi alinipeleka na mtumbwi wake kuitoa, na tukiwa huko akaniuliza, "Sasa kijana, hii kitu wewe ukinyamaza inajua ifanye nini?"

Sikuwa na jibu, na hilo swali sijaliacha hadi leo.

Gari la utafiti la NASA linaloitwa Opportunity kule kwenye sayari ya Mars lilipatwa na kitu kama hicho Aprili 2005. Liliambiwa liende mbele, likaingia kwenye tuta la mchanga laini na magurudumu yakaendelea tu kuzunguka, na watu Duniani wakajua baadaye sana. Ujumbe hadi Mars unachukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda peke yake, kutegemea sayari ziko wapi, kwa hivyo hakuna mtu anakaa na rimoti akikanyaga breki. Lakini likishakwama haraka imeisha, na hapo watu ndio wakachukua kazi, wakajaza mchanga kwenye maabara, wakajaribu na gari lingine mfano wake, na baada ya wiki tano hivi likatoka.

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mtu yeyote anayeunda roboti ni huu, usianze kwa kuuliza iwe na akili kiasi gani, uliza ni jambo gani haliwezi kungoja. Perseverance, gari lingine la NASA, ilipotua Mars tarehe 18 Februari 2021 safari kutoka juu ya hewa hadi chini ilikuwa dakika 7 na ujumbe ulikuwa unachukua zaidi ya 11, kwa hivyo watu walipopata habari kwamba imeanza kuingia, tayari ilikuwa imeshatua. Ilipiga picha, ikalinganisha na ramani, ikajichagulia mahali pazuri. Lakini kuchagua shimo la Jezero, eneo la kutua, na kuweka alama sehemu hatari kwenye ile ramani, hiyo walifanya watu, mapema, wakiwa wametulia.

Na usiiamini sensa moja tu, yaani kifaa kimoja cha kupimia. Schiaparelli, chombo cha Ulaya kilichokuwa kinatua Mars Oktoba 2016, sensa yake ilizidiwa kwa kama sekunde moja, kompyuta ikapiga hesabu ikaona iko chini ya ardhi, ikaachilia parachuti ikiwa bado kilomita 3.7 juu. Hata watu hukosea, Phobos 1, chombo cha Muungano wa Sovieti kilichokuwa kinaenda Mars mwaka 1988, ilipotea kwa sababu ya amri mbaya iliyotumwa kutoka Duniani, ikaacha kuangalia jua na betri zikaisha.

Mimi mwanzo niliandika kwenye programu ya boti yangu kwamba ikikosa kunisikia isimame tu. Yule mzee akanirekebisha tena, asubuhi upepo unatoka nchi kavu, boti iliyozimwa inasukumwa ndani ya ziwa. Kusimama si usalama kila mahali. Sasa sekunde 10 za kimya mota zinazima, dakika moja ikipita inarudi polepole kwa GPS, na ikisoma joto ambalo haliwezekani inapima tena kabla ya kuamua chochote.

Halafu ijaribu kwa makusudi, karibu, si siku ile imeshaenda. Sisi kabla ya kuiachilia, mmoja anaingia majini hadi magotini akiishika, mimi nazima data, watoto wa klabu yetu wanahesabu kwa sauti moja hadi kumi, na mota zikinyamaza tu ndio anaiachilia mkono.