Wanapiga elektroni dampo halafu wanatafuta nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimesoma kwamba kuna wanasayansi wanaelekeza mwale wa elektroni kwenye dampo, halafu wanakaa nyuma ya kilima wanasubiri eti kachembe kapya, na hawapati kitu. Si kuchoma hela huko? Na kama ni nyepesi, ile mashine kubwa ya CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, inashindwaje kuiona? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Dampo hapa si la takataka, ni kizuizi kinene cha kumeza mwale. Kilima unachokisema nadhani ni cha E137, jaribio la pale SLAC, maabara ya fizikia ya California, miaka ya 80. Elektroni za GeV 20 (GeV ni kipimo cha nishati ya chembe) zinaingia kwenye sahani za alumini zinazopozwa na maji, nyuma yake kilima mita 179, halafu uwazi wa mita 204, ndo mwisho kabisa kifaa cha kunasa. Ushawahi kuchuja tui kwa kifumbu? Ndo hivyohivyo, chicha inabaki, yaani elektroni, fotoni (chembe za mwanga) na wenzao tunaowajua wanaishia humo (ukitoa nyutrino, kachembe kasikogusana na karibu chochote, yule hazuiliki), lakini chembe isiyopenda kugusana na kitu ikizaliwa mle ndani inapita kilima kama hakipo, ikifika kwenye uwazi ikavunjika kuwa fotoni mbili, au elektroni na pozitroni (pacha wake mwenye chaji chanya), kifaa kinaiona.

Walizamisha elektroni kama 2 × 10²⁰ wakaona sifuri. Matokeo yalitoka 1988 na mpaka leo sifuri ile inawasumbua watu wa nadharia, ukija na aksioni yako au fotoni yako ya giza (chembe za nadharia tu, hakuna aliyeziona bado), uzito huu, inagusana kiasi hiki, unaambiwa mbona ingeonekana nyuma ya kilima, kaa chini. Mimi siiti hasara.

Ila kilima nacho kina upofu wake, chembe inayovunjika chapchap inafia mlemle. Na ikivunjika kuwa vitu visivyoonekana je? Hapo kuna jaribio la NA64 la CERN, tangu 2016, dampo lenyewe ndo kifaa: inaingia elektroni ya GeV 100, wanapima nishati iliyobaki humo, ikipungua sana bila maelezo basi kuna kitu kimetoroka nayo.

Kuhusu mashine kubwa, chembe nyepesi haihitaji nguvu za ajabu kuzaliwa, inahitaji wingi wa majaribio maana inazaliwa kwa nadra mno, na dagaa huwezi kumvua kwa jarife. CERN wenyewe wanalijua hilo, 2024 wamepitisha jaribio la SHiP, protoni za GeV 400 kwenye dampo, na kichwa kinachowauma sasa ni myuoni, ndugu wazito wa elektroni, zinapenya dampo kwa wingi mpaka inabidi ziwekewe sumaku za kuzifagia pembeni.