Mzee na dawa ya usingizi wakati wa kutoa mawe kwenye mrija wa nyongo

Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 79, macho yamekuwa ya manjano, na utrasaundi imeonyesha jiwe kwenye mrija wa nyongo. Ndugu zangu wanasema umri huo hauhimili dawa ya usingizi. Tuache? Msomaji, Tukuyu.

Marahaba. Msiache kwa sababu ya umri peke yake. Jiwe lililoziba mrija hukaribisha maambukizi ambayo yakiingia kwenye damu humwangusha mzee haraka, kwa hiyo umanjano ukiambatana na homa ya kutetemeka na maumivu ya tumbo upande wa juu kulia, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kulitoa jiwe kwa kamera inayopitishwa mdomoni ni kazi nyepesi kwa mwili wake kuliko upasuaji wa kufungua tumbo.

Hata hivyo, hofu ya ndugu zako ina msingi. Damu ya mzee huzunguka polepole, hivyo dawa huchelewa kuonyesha nguvu yake, na anayeharakisha kuongeza dozi ya pili hukuta zote mbili zimefanya kazi kwa pamoja na pumzi imepungua. Ndiyo maana wazee huanzishiwa dozi ndogo, mara nyingi nusu ya ile ya kijana au chini ya hapo, kisha husubiriwa. Mgonjwa hulala kifudifudi au kwa ubavu, huku daktari wa kamera akitazama skrini. Lazima basi awepo mtu mwingine mwenye ujuzi, ambaye kazi yake pekee ni kuangalia pumzi, mapigo ya moyo na presha. Kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa, ulizeni mtu huyo ni nani. Kwangu mimi swali hilo ni zito kuliko jina la dawa.

Kati ya dawa za usingizi midazolamu na propofoli, ipi ni salama zaidi? Msomaji, Iringa.

Zote hutumika kwa usalama mikononi mwa aliyefunzwa. Midazolamu ina dawa ya kuizima, flumazenili, lakini hukaa mwilini muda mrefu zaidi na inaweza kumwacha mzee amechanganyikiwa. Propofoli haina dawa ya kuizima. Huisha nguvu yenyewe baada ya dakika chache, ila huteremsha presha na inaweza kusimamisha pumzi, kwa hiyo huhitaji mtaalamu wa usingizi mwenye vifaa vyake karibu.

Kifaa cha kidoleni hupima oksijeni, lakini mgonjwa anayepewa oksijeni ya ziada anaweza kupumua vibaya kwa muda kabla kifaa hicho hakijaonyesha. Kipimo cha hewa ukaa anayoitoa huonya mapema zaidi, nacho ni cha thamani sana kwa mzee. Tena sisi wa nyanda za juu, Mbeya ikiwa takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, huanza na oksijeni ya chini kidogo kuliko watu wa pwani; ni vema kipimo chake kiandikwe kabla ya dawa ya kwanza.

Baba ana presha na kisukari, na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Aache zote? Msomaji, Makambako.

Asiache hata moja kwa uamuzi wake. Apeleke dawa zote hospitali siku kadhaa kabla, kwani ile ya damu hupangiwa mapema na ya kisukari hurekebishwa kwa sababu ya kufunga. Chakula kisimame saa 6 kabla, maji matupu saa 2 kabla. Uji na chai ya maziwa huhesabiwa kuwa chakula. Aseme wazi pia kama hunywa ulanzi (pombe ya mianzi) kila siku, kama hukoroma sana usiku, au kama hutumia vidonge vya usingizi, maana kila kimoja hubadilisha mpango wa dozi. Meno bandia yavuliwe.

Anaweza kurudi na basi siku hiyohiyo? Msomaji, Njombe.

Kwa mzee, sishauri. Alale karibu na hospitali, na mtu mzima awe naye kwa saa 24. Akiwa mgumu kuamka, akipumua kwa shida, akipata homa au tumbo likiuma sana, mrudisheni usiku huohuo.