Kadi za Usyk na Fury: nani alibebwa?

SWALI: Mei 2024 kule Riyadh, katika pambano la ngumi la Usyk na Fury, majaji wawili walimpa ushindi Usyk, mmoja akampa Fury. Pambano ni moja, inakuwaje majibu yatofautiane? Kuna mtu alibebwa? Na nikitaka kupiga alama mwenyewe nikiwa mbele ya runinga, nifuate utaratibu gani?

JIBU: Ndugu msomaji, chukua kalamu kwanza. Kadi za tarehe 18 Mei 2024 zilisoma 115-112 na 114-113 kwa Oleksandr Usyk, na 114-113 kwa Tyson Fury. Jumlisha pande mbili za kila kadi. Raundi 12 zikiisha zote kwa 10-9 (mshindi wa raundi 10, aliyeshindwa 9), jumla ni 228. Hizi tatu kila moja ina 227. Pointi iliyopungua ni ya raundi ya tisa, ambayo refa alimhesabia Fury kama aliyeangushwa, na majaji wakaandika 10-8.

Sasa zigeuze ziwe raundi. Jaji mmoja alimpa Usyk raundi saba, mwingine sita, wa tatu tano. Huyo wa tatu alimwandikia Fury saba za 10, nne za 9 na moja ya 8: hiyo ndiyo 114. Kwa jumla za kadi, basi, kutoka jaji mmoja hadi anayemfuata ni raundi moja tu. Katika pambano ambalo Fury alitawala raundi za katikati, kisha Usyk akaja juu kuanzia ya nane, hiyo si tofauti ya kushangaza. Kubebwa sikuoni hapo.

Penye uzito ni pale refa alipoingia kati. Tuseme raundi ya tisa ingebaki ya Usyk lakini bila kuhesabu, 10-9 ya kawaida. Kadi zingekuwa 115-113 Usyk, 115-113 Fury na 114-114. Sare! Wapo wanaosema Fury hakugusa sakafu, kwa hiyo hakuangushwa. Wanakosea. Bondia aliyepigwa akabaki wima kwa sababu tu kamba zimemshikilia, kisheria ameangushwa, na refa anatakiwa kumhesabia hadi nane. Fury alikuwa akiyumba kutoka kamba hadi kamba. Kama kuna la kubishania ni kinyume chake: mashabiki wa Usyk wanadai kule kuhesabu ndiko kulikomwokoa Fury, maana kengele ililia muda mfupi baadaye.

Malalamiko yenye mashiko yanafanana zaidi na yale ya Lennox Lewis na Evander Holyfield, Madison Square Garden, tarehe 13 Machi 1999. Kadi zilikuwa 116-113 Lewis, 115-113 Holyfield na 115-115, ikawa sare. Zijumlishe: 229, 228 na 230. Zilizozidi 228 zina raundi za 10-10, yaani za sare, jambo ambalo majaji wengi hulikwepa. Waliohesabu ngumi walimpa Lewis 348 zilizofika, Holyfield 130. Idadi peke yake haiamui pambano, kwani kadi hujazwa raundi kwa raundi. Lakini katika raundi ya tano Lewis alifikisha 43 dhidi ya 11, na bado jaji mmoja akampa Holyfield. Hapo unashika raundi moja mahususi na kuuliza aliona nini. Kusema tu "kaibiwa" hakuna hoja ndani yake.

Kupiga alama nyumbani: zima sauti. Watangazaji wakishampenda mtu, kila ngumi yake inakuwa nzito. Chora mistari 12, kila mmoja na visanduku vitatu, kimoja kwa kila dakika. Dakika ikiisha weka herufi ya aliyeishinda. Usipofanya hivyo, sekunde 30 za mwisho zitakufutia zote zilizotangulia, na mabondia wajanja wanalijua hilo. Ndiyo maana huongeza kasi wakikaribia kengele. Visanduku ni vya kukumbusha, si vya kupiga kura: dakika moja ya ngumi nzito inaweza kushinda mbili za kugusana.

Kinachotangulia ni ngumi safi zilizofika na kuumiza. Iliyotua kwenye glavu, mkono au bega haihesabiwi hata uwanja ukilipuka. Mashambulizi yenye faida, kutawala ulingo na kujilinda vinakuja pale ngumi zinapolingana. Kumfuata mwenzako mbele huku unakula ngumi hakukupi kitu.

Andika alama ndani ya ile dakika ya mapumziko na usirudi kuirekebisha. Majaji nao kadi zao hukusanywa kila raundi, hawana nafasi ya kusawazisha baadaye. Usijumlishe mpaka mwisho. Ukijua nani anaongoza utaanza kumhurumia mwingine. Raundi ya kushinda chupuchupu na raundi ya kipigo bila kuanguka kwa kawaida zote ni 10-9, ingawa jaji anaruhusiwa kutoa 10-8 pale mmoja anapozidiwa kabisa. Aliyeangushwa baada ya kutawala dakika zote nyingine anaweza kupoteza kwa 10-9 tu. Pointi anayokata refa kwa rafu ondoa baada ya kuandika alama ya raundi, usiichanganye ndani yake.

Weka alama ya kuuliza kwenye kila raundi uliyosita. Ukifika mwisho una nne zenye alama hiyo na mtu wako amepoteza kwa pointi mbili, kadi ya jaji inayokupinga bado ni halali.