Kabla ya kupatanisha, omba daftari

Nilipoanza kusuluhisha wakulima na wafugaji huku Bahi, mkoani Dodoma, kila mtu aliniambia ugomvi ni wa kiangazi, lambo likikauka. Nikaamini. Semina zetu zote zilikuwa Septemba: posho, soda, hotuba ndefu kuhusu amani, watu wakarudi makwao.

Mwaka mmoja mtendaji wa kijiji akanisukumia kaunta buku lake la malalamiko. "Soma mwenyewe, mwalimu." Kesi nyingi zilikuwa za Machi hadi Mei, mtama ukiwa umebeba. Saa za jioni, mtoto anarudisha ng'ombe. Na sehemu ni ileile: palio, yaani njia ya kupitishia mifugo, ambalo watu walishalilima, likabaki upana wa baiskeli. Sisi tulikuwa tunahubiri amani miezi minne baada ya watu kuchapana fimbo.

Kwa hiyo ukitaka kufanya kazi hii, anza na daftari. Andika tarehe, saa, mahali, na nani alipelekewa habari kwanza. Kikao kiwe Januari, kifanyikie hapo hapo kwenye palio, na baraza la ardhi la kijiji liwepo lote; Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka wajumbe saba, wanawake wasipungue watatu. Wanawake ndio waliotuonyesha mpaka wa zamani ulipokuwa.

Halafu soma na ya wenzako. Liberia, watafiti walichagua kwa bahati nasibu baadhi ya jamii 246 zipewe mafunzo ya kusuluhisha migogoro. Baada ya mwaka mmoja, kesi za ardhi zilizomalizwa ziliongezeka na vurugu zikapungua. Ila watu kujichukulia sheria mkononi nako kuliongezeka, na hilo wasingelijua kama wangehesabu mazuri tu.

Sierra Leone ndiyo iliyonichoma. Vijiji 200 vilifuatiliwa: pale watu walipokutanishwa kusimulia hadharani yaliyotokea vitani, walisameheana zaidi, lakini sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito, na wasiwasi vikapanda. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka bibi mmoja tuliyemsimamisha aeleze mwanawe alivyovunjwa mkono. Watu walilia, wakashikana mikono, nami nikaandika kwenye ripoti kwamba kikao kimefana. Bibi hakuhudhuria tena kikao chochote, na hakuna kati yetu aliyekwenda kumjulia hali.

Siku hizi simulizi za namna hiyo tunazisikiliza nyumbani kwa mhusika, akitaka mwenyewe. Na kwenye daftari nimeongeza safu moja: nani alirudi kumwona, wiki mbili baadaye.