Bei na thamani si kitu kimoja
Mkuu umeuliza kama bei na thamani ni kitu kimoja. Hapana, ni tofauti. Bei ni ile hela muuzaji anakutajia na mkipatana inashuka, thamani ni kile kitu chenyewe kinastahili kiasi gani hata kama hakiuzwi. Ndo maana serikali ikitaka kupitisha barabara kwenye shamba lako haimtumi dalali, anakuja mthamini, anahesabu mpaka miembe na minazi wakati wewe hata hukuwa na mpango wa kuuza na hakuna bei iliyotajwa popote. Au kanga ya marehemu bibi, ukiipeleka mnadani hupati hata buku mbili ila nani kwenu atakubali itoke kabatini?

Kinachochekesha, kwa Kiarabu tulikolitoa neno, thaman ndo bei yenyewe, thamani wao wanaita qima, sisi tukageuza, hiyo qima kwetu ikawa kima kama kwenye kima cha chini cha mshahara (sio yule mnyama wa mitini 😂). Ila mtaani watu wanachanganya sana, ukisikia "simu ya thamani" mara nyingi wanamaanisha ya bei mbaya tu.